Lubumbashi: Mawe meupe ndani ya boila, namna ya kuyatoa bila kuhatarisha nyumba

Katika nyumba ya wazazi wangu, kartie Bel-Air, komini ya Kampemba, maji ya moto yalianza kupungua mwezi wa tano. Mwanzo tulisema ni SNEL: umeme ni dhaifu, boila haipati nguvu. Mwezi wa sita ulipoingia, na ile baridi ya asubuhi ambayo kila mkaaji wa Lubumbashi anaijua, boila ya lita 80 ilikuwa inatoa ndoo moja ya maji vuguvugu, kisha baridi tupu. Ilikuwa inaguruma pia, kama sufuria ya maharagi iliyofunikwa. Mama akarudia kuweka birika juu ya mbabula saa kumi na moja ya asubuhi ili baba aoge.

Siku ya posho tukamwita plombie mmoja mzee. Hakugusa boila kwanza. Aliinama, akaangalia chini yake, pale tiyo ya maji baridi inapoingia, kisha akasimama haraka.

"Mama, zimeni umeme. Na watoto watoke inje."

"Kuna nini, mzee?"

"Toeni watoto kwanza, mama. Nitawaeleza."

Kwenye tundu la vana ya usalama, lile linalotoa matone wakati maji yanapashwa, kulikuwa kizibo cha chuma kilichokazwa kwa utepe mweupe. Fundi mwingine alikiweka mwaka uliopita, kwa sababu matone yalikuwa yanalowesha ukuta. Tulimlipa na kumshukuru. Kwa mwaka mzima tulilala na boila isiyo na pa kupumulia, mita tatu kutoka kitanda cha watoto wa dada yangu.

Tulingoja maji yapoe mpaka mchana. Mzee alipofungua sahani ya chini, yalitoka mawe. Sio matope: mawe meupe kama maganda ya yai, mengine mazito kama kidole gumba, yaliyochukua umbo la rezistansi lenyewe. Yalijaza karibu nusu ya ndoo ya lita 10. Boila hiyo ilikuwa na miaka sita na haikuwahi kufunguliwa hata mara moja.

Jiwe linaloyeyuka na kurudi kuwa jiwe

Kwa Kifaransa cha nyumbani kwetu tunayaita kalkeri. Mafundi wengine wanasema chokaa ya maji, na hawakosei. Sehemu kubwa ya maji ya Lubumbashi inatoka chini ya ardhi, ikiwemo visima vya Regideso pale Kimilolo, na juu ya hapo kuna foraji za watu binafsi ambazo zimeongezeka karibu kila kartie. Chini yetu kuna mawe ya dolomi, ndugu ya jiwe la chokaa, yenye kalsiamu na magnesiamu. Katanga ina mawe ya namna hiyo kwa wingi. Kakontwe, kando ya Likasi, imetoa jina lake kwa jiwe la chokaa ambalo wajiolojia wanalijua, na Lubudi inajulikana tangu wakati wa Wabelgiji kwa saruji, ambayo bila chokaa haiwezi kutengenezwa.

Maji ya mvua ni laini. Yakipita kwenye udongo yanabeba hewa ya kaboni inayotoka kwa mizizi na majani yanayooza, na yanakuwa na uchachu kidogo sana, ambao ulimi hauwezi kuusikia. Uchachu huo unatosha kuyeyusha jiwe. Maji yanayopanda kwenye foraji ni mangavu, ukiyatazama kwenye glasi huoni kitu, lakini jiwe limo ndani. Ukiyapasha moto, ile hewa inatoka, na jiwe haliwezi tena kubaki limeyeyuka. Linashika pale penye joto zaidi: rezistansi ya boila, kitako cha birika, mashine ya kufulia. Ndiyo maana tiyo ya maji baridi inaweza kukaa miaka mingi ikiwa safi, wakati tiyo ya maji ya moto iliyo kando yake imeziba.

Kipimo kinasaidia kuelewa ukubwa wa jambo. Wataalamu wa maji wanahesabu ugumu wa maji kwa miligramu za chokaa katika kila lita, au kwa digrii za Kifaransa, ambapo digrii 1 ni miligramu 10. Maji yakipita digrii 30 yanaitwa magumu. Chukua maji ya digrii 30: kila lita 1.000 zinabeba gramu 300 za jiwe. Familia inayotumia lita 100 za maji ya moto kwa siku itapitisha ndani ya boila yake karibu kilo 11 kwa mwaka. Sehemu kubwa inatoka na maji. Lakini hata ikibaki moja ya kumi tu, ni kilo moja na zaidi kila mwaka. Zidisha kwa miaka sita, na ile ndoo yetu haishangazi tena.

Ndugu wa Goma wasidhani hii ni habari ya Katanga peke yake. Maji ya Ziwa Kivu yamebeba bikaboneti na magnesiamu kwa wingi, kwa sababu ya chemchemi za kivolkano zinazoingia chini ya ziwa, na anayetembea kando ya maji anaona ganda jeupe juu ya mawe. Ni mambo yale yale yanayotokea ndani ya birika. Ziwa hilo linamwaga maji yake kwa mto Ruzizi mpaka Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira, na chumvi nyingi za Tanganyika zinapitia njia hiyo. Anayechemsha maji ya ziwa Uvira au Kalemie anajua lile vumbi jeupe linalobaki chini ya sufuria.

Kabla ya kuendelea, jambo moja lisieleweke vibaya. Kalkeri si sumu. Shirika la Afya Duniani, OMS, halikuweka kiwango cha juu cha ugumu wa maji kwa sababu ya afya, na kalsiamu yenyewe mwili unaihitaji. Kuna watu wanaoacha kuchemsha maji ya kunywa kwa sababu "yanatoa unga". Huo unga hauwezi kukuua, lakini kipindupindu kinaweza. Chemsha, acha maji yatulie, mimina polepole, na kile cheupe kitabaki chini.

Kujua kama maji yako ni magumu hakuhitaji laboratwari. Chukua chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya robine, nusu nusu. Kwangulia ndani ya kila moja kiasi kile kile cha sabuni ya kipande, sio sabuni ya unga, kisha tikisa. Kwenye maji ya mvua povu litapanda na kukaa. Kwenye maji magumu utaona povu kidogo na maji yanayogeuka kama maziwa. Mama wa nyumba wengi wamekwisha kuona dalili bila kuipa jina: sabuni inakwisha haraka, taulo zinakauka kama mbao, na maharagi yanakula makala mengi kabla ya kulainika, kwa sababu kalsiamu inakaza ganda lake.

Hasara iko wapi kwa kweli

Karibu kila fundi anasema boila yenye kalkeri "inakula umeme". Si uongo mtupu, lakini si hapo penye hasara kubwa. Rezistansi iko ndani ya maji; hata ikifunikwa na jiwe, joto lake mwishowe linaingia kwenye maji, kwani halina njia nyingine. Kinachotokea ni kwamba joto linachelewa kutoka. Jiwe linapitisha joto vibaya mno likilinganishwa na shaba, mara mia kadhaa vibaya zaidi, kwa hiyo rezistansi inabaki imefungwa kama mtu aliyevaa blanketi tatu mchana wa mwezi wa kumi. Inawaka kupita kiasi, inapasuka, na siku hiyo dijonkteri inaanguka. Wakati huo termostati nayo imezama kwenye mchanga mweupe na haisomi tena joto la kweli. Mara inakata mapema na maji yanabaki vuguvugu, mara inachelewa kukata. Na mawe yakichukua nafasi, boila ya lita 80 haina tena lita 80.

Birika la makala ni habari nyingine. Pale moto uko inje, na joto ambalo jiwe linalizuia linakwenda hewani. Hapo kweli unachoma makala bure.

Lakini hasara ambayo ilimfanya yule mzee atoe watoto inje ni ya namna nyingine kabisa. Maji yakipashwa yanavimba. Lita 80 zikitoka joto la digrii 20 mpaka 60 zinaongezeka kwa lita moja na zaidi kidogo. Maji hayakandamiziki, na kwenye mlango wa maji baridi kuna kilango kinachozuia yasirudi nyuma. Basi ile lita lazima itoke mahali. Inatoka tone tone kwenye vana ya usalama, ambayo kwa boila nyingi zinazouzwa hapa imetengenezwa kufunguka shinikizo likifika bar 7. Matone wakati boila inawaka ndiyo kazi yake. Yakitiririka mchana na usiku, hata boila ikiwa imezimwa, hapo kuna kosa: ama shinikizo la maji ya mtaa ni kubwa mno, ama kalkeri imekaa kwenye kiti cha vana na haifungi vizuri.

Kuna pia hali ya kinyume, mbaya zaidi kwa sababu haionekani: kalkeri inashikamanisha vana ikiwa imefungwa. Haitoi tone, ukuta ni mkavu, mwenye nyumba anafurahi. Kizibo cha chuma cha fundi wetu kilifanya kwa siku moja kile ambacho kalkeri hufanya kwa miaka. Siku ambayo termostati itashindwa kukata, maji yatapita joto la kuchemka huku yamefungwa, na pipa likipasuka yatageuka mvuke kwa ghafla. Mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1.600 kuliko maji yaliyouzaa. Ukuta wa matofali hauzuii kitu kama hicho.

Na sisi tuna tatizo letu la maji na umeme yanayokatika ovyo. Maji ya mtaa yakikatika, shinikizo linaanguka. Kama kile kilango cha kuzuia kimeachwa wazi na chembe za kalkeri, maji ya boila yanarudi chini kwenye tiyo. Umeme ukirudi kabla ya maji, rezistansi inawaka ndani ya pipa tupu. Watu wanasema umeme wa kurudi ndio umeunguza boila. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni chembe ya jiwe ndogo kuliko punje ya mchele.

Siki, limau, na zile asidi za barabarani

Jiwe hili lina adui mmoja, nao ni uchachu. Kila nyumba ina kitu cha kulitoa: siki nyeupe, maji ya limau, au ile asidi ya limau ya unga ambayo watengenezaji wa juisi wananunua. Kwa birika, tia siki na maji nusu kwa nusu mpaka ganda lifunikwe, pasha kidogo bila kuchemsha, acha saa moja. Utasikia likichemka taratibu na kutoa vipovu. Ni ile hewa ya kaboni inatoka tena. Mwaga, suuza mara mbili, chemsha maji ya kumwaga, basi. Kama una unga wa limau, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji vuguvugu vinatosha. Kichwa cha bafu kilichoziba kifunge ndani ya mfuko wa plastiki wenye siki, usiku mmoja, asubuhi kisugue kwa mswaki wa zamani. Kichujio kidogo cha mdomo wa robine kinafunguka kwa mkono, nacho kilaze kwenye siki. Usiache chuma king'aacho kwenye siki siku nzima, itakula mng'ao wake. Na usimwage siki kwenye sakafu ya marumaru au granito. Nayo ina chokaa, itapata madoa yasiyotoka.

Kwa boila, hesabu inabadilika, na hapa watu wengi wanapoteza pesa. Lita moja ya siki ya kawaida, yenye asilimia 5, haiwezi kuyeyusha zaidi ya gramu 40 hivi za kalkeri, hata ukiiacha juma zima. Kwa kilo nne za mawe ungehitaji lita 100 za siki. Anayekuambia amwage chupa tatu kwenye tiyo ya boila na "itajisafisha" anauza ndoto. Boila inafunguliwa na mawe yanatolewa kwa mkono. Siki inakuja mwisho, kwa yale yaliyobaki kushika kwenye rezistansi.

Kwa sababu siki ni polepole, kuna wanaotafuta njia ya mkato, na Katanga njia ya mkato haiko mbali. Asidi ya salfa ni kitu cha kila siku katika viwanda vyetu vya shaba na kobalti, na ile ya batri inapatikana kwa fundi wa magari. Mzee alituambia amekwisha kuitwa kwenye nyumba ambapo waliimimina ndani ya boila. Sitaki kutisha msomaji bure, basi niseme tu kwa nini haifai hata kwa kazi yenyewe: asidi ya salfa ikigusa chokaa inatengeneza jasi, kitu kile kile cha dari na cha kufungia mfupa uliovunjika. Jasi haiyeyuki vizuri. Inafunika jiwe kama koti na kazi inasimama hapo, huku asidi iliyobaki inatoboa chuma. Ikirukia jicho, hakuna siki ya kuliponya.

Asidi nyingine, ile ya moshi mkali inayouzwa kwa kusafisha vyoo, inayeyusha kalkeri kwa dakika chache, ni kweli. Inayeyusha pia ngozi ya ndani ya boila, zinki ya tiyo za zamani, na mapafu ya anayeipumua bafuni bila dirisha. Na iwe asidi hiyo, iwe siki, iwe limau, kamwe usiichanganye na maji ya Javel. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini. Wako watu wanaosafisha bafu kwa Javel asubuhi na kutia asidi mchana bila kusuuza, wakidhani vikali viwili ni bora kuliko kimoja.

Namna mzee alivyofanya

Nilikaa kando yake kwa saa tatu, na mpangilio wake nimeuandika kama ulivyokuwa. Alikata umeme kwenye dijonkteri, kisha akapima nyaya za boila kwa testa yake. Nilimwuliza kwa nini apime tena wakati umeme umezimwa. "Mwanangu, nyumba hizi zimeungwa na watu kumi," akasema. "Dijonkteri inaweza kukata waya usio wenyewe." Akafunga maji, akafungua robine ya moto ili hewa iingie, akamwaga maji ya boila yaliyopoa kupitia vana. Yalitoka kwa shida, kwani tundu lilikuwa limejaa mchanga mweupe.

Alipofungua sahani, alikwangua kwa kipande cha mbao na mkono wake. Kaka yangu alimletea patasi, akaikataa. Ndani ya pipa kuna ngozi nyembamba ya kioo inayolinda chuma kisipate kutu. Ukiichora kwa patasi, kutu itaanza hapo hapo na boila itavuja kabla ya miaka miwili. Rezistansi aliilaza kwenye beseni la siki vuguvugu, sehemu ya chuma tu, kichwa chenye nyaya kikibaki inje. Kando ya rezistansi kulikuwa fimbo nyingine ambayo sisi hatukujua kazi yake: ni ya magnesiamu, inaliwa na kutu kwa niaba ya pipa. Yetu ilibaki uzi tu. Hiyo inabadilishwa, na tuliinunua mjini pamoja na joini mpya ya mpira, kwa sababu joini ya zamani ikirudishwa inavuja. Vana ya usalama hakuisafisha. Aliitupa, akaweka mpya. Alisema vana iliyozibwa mwaka mzima haaminiki tena, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya boila, sembuse ya mtu.

Kisha jambo la mwisho, ambalo wengi wanalikosea wakiwa na haraka ya kuoga: alijaza maji kwanza. Robine ya moto ilibaki wazi, ikatema hewa, ikakohoa, mpaka maji yakatoka yamenyooka bila kukatika. Hapo ndipo akarudisha umeme.

Kuhusu tiyo zenyewe, shauri lake lilinishangaza. Nyumba nyingi za zamani, hasa zile za kambi za kampuni, zina tiyo za chuma chenye zinki. Nilitegemea aseme tuzioshe kwa asidi. Alikataa. Ganda jembamba la kalkeri ndani ya tiyo linalinda chuma, na mahali pengine kutu imekwisha kutoboa na ni ganda hilo peke yake linalozuia maji yasitoke. Ukiliyeyusha, utavumbua mashimo yote siku moja. Tiyo iliyoziba kabisa inakatwa na kuwekwa ya plastiki inayostahimili maji ya moto, kipande kwa kipande pesa zikipatikana. Kwetu ilikuwa mita moja na nusu tu, pale inapotoka kwenye boila.

Baada ya hapo kazi ya nyumbani ni ndogo. Termostati iwe kati ya digrii 55 na 60. Zaidi ya 60 jiwe linashika haraka sana, na chini ya 50 vijidudu vinaweza kuishi ndani ya pipa. Mara moja kwa mwezi zungusha kifungo cha vana, acha maji yatoke kidogo, rudisha. Hiyo inaondoa chembe na kuonyesha kama vana bado ina uhai. Kwa maji magumu kama yetu boila ifunguliwe kila mwaka mmoja au miwili, na wakati mzuri ni kabla ya baridi, sio katikati yake wakati mafundi wote wameshikwa. Wakati wa masika, kuanzia mwezi wa kumi na moja, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwenye bati safi yanafaa sana kwa kufua na kupika maharagi. Mashine za chumvi za kulainisha maji zipo na zinafanya kazi, lakini ni za hoteli na za wenye uwezo. Sumaku zinazofungwa kwenye tiyo nazo zinauzwa. Majaribio juu yake hayakupatana, na mimi pesa hiyo ningeiweka kwenye vana mpya.

Nyumbani Bel-Air maji ni ya moto tena, na boila hainguruma. Vana mpya inatoa matone kila jioni umeme ukiwaka. Mzee alitufungia chini yake kitiyo chembamba cha plastiki kinachoshuka mpaka kwenye bidoni, na asubuhi mama anatumia maji hayo kuosha sahani. Kile kizibo cha chuma baba amekiweka juu ya kabati ya saluni, na kila mgeni anayeketi lazima aelezwe ni nini.